Safari Tupu za Kisiba

Jumatatu, 1 Machi 1999

Mvua tangu alfajiri. Mwenye mali mpya amenunua kiwanda, amenunua mashine za kukaushia chai, amenunua mpaka mwavuli wa mlinzi, lakini paa la chumba cha kompyuta nadhani walisahau kumwuzia, maana linavuja vilevile kama enzi za serikali. Nimehamisha meza kwa mara ya pili mwaka huu. Kompyuta nimeifunika kwa mfuko wa mbolea.

Meneja wetu, Bwana Hasheem, kaniita kabla sijavua koti. Malori mawili yameuzwa, limebaki moja. Vituo vya kununulia majani mabichi viko tisa, kuanzia juu huku Tukuyu mpaka chini Kisiba. Anataka kompyuta ndiyo ipange lori liende wapi na siku gani. "Na kituo kinachotusumbua kijitoe chenyewe," akasema. "Lori likienda mara tatu masika haya likakuta kilo sifuri, kituo kinatoka kwenye ratiba. Sitaki kubembelezana na mtu. Ni kamstari kamoja tu hako, Amoni."

Anayesema "kamstari kamoja tu" ujue hajawahi kuandika hata nusu yake. Ila hii kweli ilikuwa ndogo. Nilichora kwanza kwenye karatasi, ndiyo desturi yangu. Vijana wa siku hizi wanakaa mbele ya kioo wanapapasa vitufe kama mtu anayetafuta ndala gizani, ikiharibika wanasingizia mashine. Mimi kalamu kwanza, kompyuta baadaye, na saa kumi na moja jioni nazima, hata kama anayesimama mlangoni ni waziri. Programu inayoandikwa kwa uchovu itaandikwa tena kesho.

Mpaka saa nne asubuhi nilikuwa nimemaliza. Nikaijaribu kwa kilo za kubuni, ikawatoa wavivu wangu wa kubuni mmoja mmoja, sawasawa. Siwezi kuficha, nilifurahi.

Jumanne, 2 Machi

Umeme hakuna. Nimechonga penseli.

Ijumaa, 5 Machi

Ratiba imefanya kazi. Simon, dereva wetu, kaingia na matope mpaka magotini akasema leo amerudi kabla ya giza, kitu ambacho hakijatokea tangu Krismasi. "Hiyo mashine ina akili kuliko mabosi wote," akasema.

Nikamwambia haina akili hata chembe. Ni mjinga mwaminifu. Ukimwambia ruka shimoni anaruka, haulizi kina. Hasina, dada wa Ibighi anayeingiza kilo kwenye kompyuta, hakuinua hata kichwa. "Basi huyo ndiye mfanyakazi waliyekuwa wanamtafuta muda wote," akasema.

Ijumaa, 12 Machi

Kisiba sifuri.

Nilidhani Hasina amekosea kuandika. Kisiba ni kwetu, mama yangu ana chai kule, na masika majani hayakosekani. Ukigeuza kisogo yamekuzidi. Simon akaeleza. Kuna msiba wa mzee mmoja wa kanisani, kibanda cha mzani kimefungwa, watu wote wako msibani.

Ni kweli, na mimi ni wa kwanza kupaswa kulijua hilo. Kwetu maiti ikiwa haijazikwa jembe halishikwi, na chai haichumwi, kijiji kizima. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Nimezaliwa kule, nimezika kule baba na kaka, na siku ile naandika programu jambo hilo halikunipitia kichwani hata kidogo. Kazi hii ina tabia hiyo. Ukishika kalamu ya kuchora masharti, unakuwa mtu asiye na kwao.

Mashine imeandika: Kisiba, safari tupu, 1.

"Kwa nini usiiambie kwamba ni msiba?" Hasina akauliza.

"Haina mahali pa kuweka msiba."

"Si uliitengeneza wewe?"

Nikaenda kunywa chai.

Jumatatu, 15 Machi

Nimemwendea Bwana Hasheem. Si mtu mbaya, niseme ukweli. Aliniwekea kiti. Nikamwomba turuhusu alama ya msiba, ili siku kama hizo safari ya lori isihesabiwe.

"Amoni, na kwetu Tanga watu wanafariki," akasema.

"Kijiji kizima kinaacha kazi?"

"Wanazika, wengine wanaendelea. Sasa nikikuruhusu wewe msiba, kesho vituo vyote tisa vitakuwa na msiba kila wiki. Nitamtuma nani akahakikishe maiti?"

Mtu akikukatalia kwa ujinga unapata angalau hasira ya kulalia. Huyu alikuwa na hoja. Akaongeza kwamba lori kushuka Kisiba na kupanda bure linakunywa mafuta ya vituo vitatu, na hilo nalo ni kweli, barabara ile naijua.

Jumatano, 17 Machi

Mvua.

Jumamosi, 27 Machi

Nimeshuka Kisiba kumwona mama. Miguu imevimba, akilala chali anakosa pumzi, lakini nilimkuta shambani na kikapu mgongoni. Nikamgombeza. "Majani hayajui kama naumwa," akasema. Bado anaamini nimeajiriwa kupiga taipu, na kwamba mashine yangu inatumia umeme kwa sababu vidole vyangu ni vivivu.

Jioni akaja baba mdogo Abrahamu, ndiye mwenyekiti wa kituo. Lori hushuka kwao Jumanne na Ijumaa. Nikamweleza sharti la safari tatu, na kwamba moja imeshakwenda. Nikamwambia kilo moja tu inatosha, lori lisikute sifuri, basi. Hakuna mnunuzi mwingine anayefika huku. Lori likiacha kuja, chai ya Kisiba itakuwa kuni.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia kwa mama. "Umesikia, mama Amoni? Tuwatangazie watu kanisani kesho. Marufuku kufa Jumanne na Ijumaa."

Mama alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Mimi pia nilicheka.

Ijumaa, 9 Aprili

Wakubwa wa Dar es Salaam wamekuja na gari lenye vioo vyeusi. Wakaonyeshwa ratiba. Mmoja akaniuliza kama programu yangu itavuka mwaka elfu mbili salama, maana dunia nzima inaogopa. Nikamjibu itavuka, ninaloogopa mimi ni paa. Hakucheka.

Wameipenda sana, na ndilo balaa lenyewe. Wameichukua kwenye diski. Kuanzia wiki ijayo sisi tutatuma kilo kwa faksi, wao Dar wataingiza, na ratiba itatoka kule kila Jumatatu. Wanataka kuitumia na kwenye viwanda vyao vingine. Nikasema ina kasoro ndogo, nipewe wiki moja. Mkubwa akanishika bega: "Kijana, kitu kinachofanya kazi hakiguswi."

Nimewahi kuyasema maneno hayo hayo mimi mwenyewe, mara nyingi, tena kwa sauti ya kufundisha.

Jumanne, 13 Aprili

Mtoto wa jirani yetu Anyelwisye, malaria, miaka minne. Amefariki jana usiku. Lori limefika Kisiba leo mchana, limekuta wanachimba kaburi.

Mbili.

Jumatano, 14 Aprili

Nimekaa asubuhi nzima nikaandika upya. Nimeweka mahali pa msiba, nimeweka na kinga ya udanganyifu: mchungaji au shehe athibitishe, na msiba usizidi siku tatu. Ni kazi safi kuliko ile ya kwanza. Inafanya kazi vizuri sana kwenye kompyuta ambayo haiamui tena chochote.

Nikapiga simu Dar. Niliyempata ni binti mpole, akasema ujumbe wangu ataufikisha. Nikapiga tena saa nane. Akasema ameufikisha.

Hasina alifunga mlango. "Ikitokea ya tatu, mimi naweza kuandika kilo kumi kwenye faksi," akasema. "Kilo kumi nani ataziona?"

Karatasi ya mzani inasainiwa na karani wa kituo na dereva, na jumla lazima ilingane na mzani wa kiwandani. Tukiandika kilo kumi za uongo, wa kwanza kuulizwa ni Simon, ana watoto watano. Nikamwambia hivyo Hasina. Nikamwambia pia kwamba kilo zilizokwisha kupimwa hazichezewi, ukianza leo kwa huruma kesho utaendelea kwa mazoea, na siku hiyo kompyuta haina maana tena, bora turudi kwenye daftari. Bado naamini hivyo. Ila nilipokuwa nasema nilijisikia kama nasoma tangazo la mtu mwingine.

Jumanne, 20 Aprili

Mama kaletwa hospitali juzi, kalazwa kwenye machela ndani ya pikapu ya kubebea ndizi, mvua yote hiyo. Leo daktari kanichukua pembeni. Moyo umechoka. Amesema kama anataka kurudi nyumbani, tusimzuie.

Mama alikuwa ameshaanza kufunga khanga zake.

Alhamisi, 22 Aprili

Nimejikuta nimesimama mbele ya kalenda. Mama akifariki Jumatano azikwe Alhamisi, Ijumaa watu watachuma. Akifariki Ijumaa jioni au Jumamosi, hakuna neno. Jumatatu haifai. Alhamisi haifai. Niliipanga yote kichwani, kama ni hivi basi vile, la sivyo vile, sharti juu ya sharti, nadhifu kabisa, kabla sijashtuka kwamba aliyemo humo ni mama yangu.

Nilitoka nje nikasimama mvuani. Mlinzi akaja na mwavuli wake, akanifunika.

Nilikuwa nikijisifu kwamba naijua kompyuta mpaka ndani. Sikujua kwamba nayo inajifunza njia ya kuingia ndani ya mtu. Nimemwomba Mungu msamaha. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshapiga magoti, nikamwomba isiwe Jumatatu.

Ijumaa, 23 Aprili

Kisiba wameleta majani mengi. Mama amekunywa uji.

Jumatatu, 26 Aprili

Mama amefariki saa tisa alasiri. Nilikuwa njiani nashuka.

Ijumaa, 30 Aprili

Sasa naweza kuandika.

Usiku ule wa Jumatatu nyumba ilijaa, na Jumanne asubuhi ua, na baadaye barabara. Walikuja mpaka watu wa Isongole na mifuko ya viazi kichwani, kwa sababu mama aliwahi kuwapikia kwenye msiba fulani ambao mimi hata siukumbuki. Kila aliyeingia alinishika mkono kwa mikono miwili. Na mimi, Mungu anisamehe, kila mkono niliopewa niliuangalia vidole, nikawaza: huu nao leo haukuchuma.

Saa mbili asubuhi nilimvuta baba mdogo Abrahamu nyuma ya migomba. Nikamwambia leo ni Jumanne. Nikamwambia hii ndiyo ya tatu.

"Najua," akasema.

"Watu wawili tu, baba mdogo. Hata mmoja. Kikapu kimoja. Mimi ndiye mfiwa na mimi ndiye nimewaruhusu."

Alikuwa amefunga blanketi kiunoni, macho mekundu.

"Mwanangu, mama yako kawazika watu wote wa hapa. Mvua, jua, hakuna msiba aliokosa. Leo ni yeye. Nimwendee nani nimwambie, wewe nenda kachume, yeye tutamzika sisi? Nikimtuma mmoja leo, siku yake yeye nani atakuja?"

"Lori halitarudi."

"Nimekusikia. Lakini hilo unaloniomba siwezi kulitamka. Mdomo haufunguki."

Alikuwa analia, na mimi nilikuwa nalia, kila mtu kwa sababu yake, na waliotuona wakasema angalia jinsi walivyompenda.

Nikaona basi nitachuma mwenyewe. Kikapu cha mama kilikuwa kimetundikwa ukutani jikoni. Nikakivaa mgongoni na suti yangu nyeusi, nikashuka shambani kwake. Mvua ilikuwa imepumzika. Nilichuma vibaya, nilikuwa nang'oa mpaka vijiti. Sijui nilipata kiasi gani, labda cha kufunika kitako cha kikapu. Kisha nikasikia wanawake nyuma yangu. Walikuwa wameacha kuimba. Mmoja wao, mama wa yule mtoto aliyezikwa wiki mbili zilizopita, akasogea taratibu kama mtu anayemwendea ndama aliyekata kamba.

"Mwanetu," akasema, "lete kikapu."

"Naomba mniache kidogo tu."

"Tunajua. Ulizoea kumsaidia. Lete kikapu."

Walidhani ni uchungu umenipanda kichwani. Nilitaka kuwaeleza habari ya lori na sifuri, lakini nilipofungua mdomo ilitoka sauti ambayo si maneno. Akanivua mkanda begani kwa upole, mwingine akanishika kiwiko, wakanirudisha uani kwa wimbo. Majani yangu wakayamwaga pale pale chini ya mchai, kwa sababu kazi ya shamba siku ile ilikuwa hairuhusiwi.

Saa saba lori likafika. Simon alizima injini huko juu mlimani akaliacha liteleze lenyewe, asitupigie kelele. Akaja na kofia mkononi, akajaza karatasi yake palepale kibandani bila kumwangalia mtu, kisha akaja kushika jembe kaburini. Bwana Hasheem alikuja naye, alikaa mbele kwenye lori, na gunia la mchele na sukari. Akaketi chini kwenye majani ya migomba pamoja na wanaume, na suruali yake nzuri. Akaniambia, "Pole sana, Amoni. Kazi ya Mungu haina makosa." Alimaanisha. Nilimwuliza, hapohapo msibani, kama na safari ya leo inahesabiwa. Akainamisha kichwa.

"Nitaongea na Dar," akasema.

Tulimzika mama saa tisa. Sijawahi kuona watu wengi namna ile Kisiba. Hakuna hata mmoja aliyebaki nyuma.

Jumatatu, 3 Mei

Faksi imetoka saa tatu asubuhi. Vituo vinane.

Bwana Hasheem amenyoosha kidole kwenye simu, akasema alipiga, tena mara mbili. Wamemjibu kwamba mfumo hauguswi mpaka msimu uishe, na msimu ukiisha watatazama takwimu. Takwimu za kituo ambacho lori haliendi ni sifuri mpaka mwisho wa dunia. Hilo hata Hasina aliliona bila kuambiwa. Aliitandaza ile karatasi mezani, akaipigapiga na kiganja, akasema, "Haikukosea hata mahali pamoja." Ni kweli. Nimeikagua mstari kwa mstari. Ingekuwa na kosa ningeirekebisha.

Nimeomba ruhusa ya kesho. Sikuzima kompyuta saa kumi na moja, wala sikuwa naifanyia kazi. Nilikaa tu nikiitazama.

Jumanne, 4 Mei

Nimeshuka Kisiba asubuhi ili wasikie kutoka kwangu. Nilichelewa. Walikuwa wameanza kuchuma kabla ya kupambazuka, kwa sababu siku za msiba majani yalikuwa yamezidi, na foleni ya vikapu ilitoka kibandani mpaka barabarani. Mbele ya vyote walikuwa wamepanga vikapu vya shamba la mama. Wanawake walikuwa wamelichuma lote, zamu kwa zamu, ili mimi niliyeko mjini nisipate hasara.

Nikapanda kwenye jiwe lililo kando ya mzani nikawaambia. Niliwaambia lori halitakuja leo, wala Ijumaa. Niliwaambia ni mashine, na mashine nimeitengeneza mimi. Nilijaribu kueleza safari tupu ni nini, na sharti la tatu, na Dar. Mvua ilianza tena katikati ya maelezo lakini hakuna aliyehama.

Anyelwisye, aliyemzika mtoto wake, akauliza, "Kwa hiyo ni zile siku tatu za misiba?"

"Ndiyo."

"Ya mzee, na ya mtoto wangu, na ya mama."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu ambacho alikwisha kukinunua na hana nia ya kukirudisha. Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejiandaa, njia nzima nilikuwa nimejiandaa. Baba mdogo Abrahamu akashusha kofia.

"Pole sana, mwanetu," akasema. "Msiba, na tena kazi nayo ikakugeuka."

Wengine wakaitikia, pole, pole sana, na ndaga, pole ya lugha yetu, mmoja baada ya mwingine, wakaja kunishika mkono kwa mikono miwili kama wiki iliyopita. Nikawaambia si mimi wa kupewa pole. Hawakunisikiliza.

Hakuna aliyechukua kikapu chake. Walikaa chini ya paa la kibanda, pembeni yangu, kama watu wanavyokaa na mfiwa, wakawa wanaongea habari nyingine. Kufika saa nane majani yalikuwa yameanza kupata joto, ukitia mkono kikapuni unasikia. Mama wa yule mtoto akaniletea ndizi za kuchoma kwenye jani, akaniambia nile, mfiwa hakai na njaa.

Nikala. Harufu ya chai inayooza ilikuwa imeanza.